UZI: Kurekebisha ukurasa wa man wa tcpdump (nukta, kistari, -s 0 na mengineyo)

Nondo_za_Waya

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna ukurasa ambao kila fundi mtandao anaufungua kwa dharura tu: `man tcpdump`, yaani mwongozo wa tcpdump, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti (vipande vya data) zinazopita kwenye mtandao. Seva imegoma, bosi anapiga simu, unatafuta herufi moja, unaipata, unaufunga. Hakuna anayeusoma kwa starehe. Ndiyo maana humu jukwaani kila baada ya muda unaibuka ubishi kuhusu maana ya kitu fulani kwenye matokeo ya tcpdump, na ukifuatilia unakuta kila mmoja ana ushahidi wake. Mmoja kasoma ukurasa wa toleo alilonalo, mwingine kasoma nakala ya zamani iliyobandikwa kwenye blogu, na mwalimu wa chuo kaweka kwenye slaidi nakala ya zamani kuliko zote.

tcpdump ilianza mwaka 1988 pale Lawrence Berkeley Laboratory, California. Ukurasa wenyewe unawataja Van Jacobson, Craig Leres na Steven McCanne kuwa waandishi wa kwanza. Mwaka 1999 kundi la tcpdump.org likachukua jembe, na ndilo linaloitunza mpaka leo. Kwa hiyo mnaposoma ukurasa ule mnasoma maandishi ya zaidi ya miaka 30. Ni kama nyumba ya ukoo: kila mjukuu kaongeza chumba chake, lakini hakuna aliyethubutu kubomoa jiko la bibi.

Chukueni nukta. Zamani, kwenye toleo la 3, tcpdump ilikuwa inaandika pakiti ya TCP hivi:

`rtsg.1023 > csam.login: . ack 1 win 4096`

Nukta ile ilimaanisha hakuna bendera (alama ya kuongoza muunganisho) iliyowekwa, yaani si SYN (ya kufungua muunganisho), si FIN, si PUSH, si RST. ACK (bendera ya kuthibitisha kupokea) ilikuwa inaandikwa pembeni kwa neno lake. Mfululizo wa toleo la 4 ulipokuja, mwonekano ukabadilika:

`IP rtsg.1023 > csam.login: Flags [.], ack 1, win 4096`

Sasa nukta NDIYO ACK. Na kama kweli hakuna bendera hata moja, inaandika `none`. Herufi ileile imepewa maana mpya, tena karibu kinyume cha ile ya kwanza. Aliyekariri kwamba nukta ni tupu, akikutana na `[S.]` anachanganyikiwa, wakati hiyo ni SYN pamoja na ACK, jibu la kawaida kabisa la seva inapokubali muunganisho.

Ninachotaka kusema ni hiki: ukurasa wa man unarekebishika, na mtu yeyote humu anaweza kuurekebisha, ila lazima kwanza uipime programu. Usirekebishe sentensi kwa sentensi. Rekebisha kwa pakiti. Leteni mlichowahi kukikuta.

---

Kitasa

Natia nanga hapa. Mkuu endelea kushusha.

---

Bwana_Shoti

Mkuu kwa heshima zote, nani anasoma man siku hizi? Unaiuliza AI, inakupa amri, unabandika, maisha yanasonga.

---

Nondo_za_Waya

@Bwana_Shoti sawa, iulize ikupe amri ya kunasa pakiti nzima kwenye faili. Uwezekano ni mkubwa itakuwekea `-s 0`. Halafu iulize kwa nini. Itakwambia bila hiyo tcpdump inakata pakiti na kubakiza baiti 68 za mwanzo.

Hilo lilikuwa kweli enzi hizo. Ukurasa wa zamani ulisema hivyo wazi: chaguo-msingi ni 68 (kwenye SunOS chini ya 96 ilikuwa haiwezekani), kwamba zinatosha kwa vichwa vya IP, ICMP, TCP na UDP, lakini zinaweza kukata habari za DNS na NFS. Baadaye chaguo-msingi likapandishwa hadi 65535, na sasa ni 262144. Hiyo `-s 0` imebaki kwa ajili ya skripti za zamani tu: ukiiweka, unapata zilezile 262144.

Haina madhara, nakubali. Lakini ona ilivyosafiri: ukurasa wa man ukasomwa na mwandishi wa blogu, blogu ikasomwa na mwalimu, na vyote vikamezwa na hiyo AI yako. Ukurasa ukarekebishwa, wajukuu zake hawakurekebishwa. Na wala huhitaji kubishana na mtu. Programu yenyewe inakutangazia inapoanza kusikiliza: matoleo ya 4.99 yanaandika `snapshot length 262144 bytes`. Soma mstari huo kabla hujaanza kusoma pakiti.

---

Mama_Seva

Mimi nina langu, na liliwahi kunilaza ofisini.

Nilikuwa nanasa trafiki ya muda mrefu, nikataka mafaili yagawanyike:

`tcpdump -i eth0 -C 100 -w /root/nasa.pcap`

Nimeingia kama root (msimamizi mwenye ruhusa zote). Pakiti zipo. Amri imekataa, inasema haina ruhusa ya kuandika. Root haina ruhusa ya kuandika kwenye nyumba yake mwenyewe! Nikahangaika na diski, nikahangaika na SELinux, hola. Jibu lilikuwa kwenye `-Z`. tcpdump ikiendeshwa na root inafungua kadi ya mtandao kwanza, halafu inajivua uroot na kuwa mtumiaji wa kawaida, KABLA ya kufungua faili la kuandikia. Huyo mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuingia /root.

Sasa ukurasa unaeleza hayo, tena vizuri, lakini unamalizia kwamba tabia hii inaweza pia kuwashwa wakati wa kukompaili. Inaweza! Kwenye mashine yangu imewashwa au haijawashwa? Ukurasa hausemi. Hapo ndipo usiku wangu ulipoishia.

Na lingine dogo: `-C 100` ni milioni 100 za baiti, siyo MB 100 za kompyuta. Ukurasa unasema wazi 1,000,000 na siyo 1,048,576, lakini nani anasoma mpaka huko. Kwenye matoleo mapya unaweza kuongeza herufi k, m au g ukitaka zile za 1,024.

---

Nondo_za_Waya

Dada hiyo ni nondo kamili, na inaonyesha kitu ambacho wengi hawakifikirii: ukurasa una wenyewe wawili. Waandishi wa tcpdump hawawezi kujua distro yako (mfumo wako wa Linux, kama Debian au Fedora) imewasha nini. Wao wanaandika "inaweza" kwa sababu kwao ni kweli. Anayejua ni yule aliyefunga kifurushi, wa Debian au wa Fedora. Kwa hiyo rekebisho la namna hii linaanzia kwenye distro: wao ndio wa kuandika kwamba hapa kwetu imewashwa, na mtumiaji anaitwa fulani. Ukiipeleka juu, kwa waandishi wenyewe, watakujibu kwa adabu kwamba maandishi yao hayana kosa, na watakuwa sahihi.

Kwa wenye haraka, `-Z root` inaiacha ibaki root, au andika kwenye folda ambayo yule mtumiaji ana ruhusa nayo. Mimi napendelea la pili. Ile tabia iliwekwa kwa sababu ya msingi: tcpdump inasoma data ya mtu usiyemjua na kuichambua, na sehemu zake za uchambuzi zimewahi kukutwa na matundu mengi ya usalama. Hutaki kitu kama hicho kiendelee kuwa root usiku kucha.

---

mgeni_wa_jiji

Wakuu samahani, mimi ndio naanza. Hii si ndiyo ile ya kudukua WiFi za watu? Sheria inasemaje?

---

Otis_wa_Nyali

@mgeni_wa_jiji swali zuri. Chombo chenyewe si haramu, kisu nacho kiko jikoni. Kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ndiyo kesi. Kwenu Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwetu Kenya ni ile ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao. Zote mbili zinagusa kunasa data. Jifunzie kwenye mashine yako, au kwenye mtandao ambao mwenyewe amekupa ruhusa kwa maandishi.

Pia usidanganyike na sinema. Ukichomeka laptopu kwenye swichi, hata ukiwasha hali ya kupokea kila kitu, swichi haikuletei trafiki ya jirani. Unaona yako, matangazo ya wote, na vipande vichache. Ili uone zaidi mwenye swichi lazima akuwekee mlango unaonakili milango mingine.

Na hapo kuna sentensi moja ya man naipenda sana. Kwenye `-p`, ile ya kuzima hali hiyo, ukurasa unaonya kwamba kadi inaweza kuwa tayari imewekwa katika hali hiyo kwa sababu nyingine, kwa hiyo `-p` isichukuliwe kama njia ya mkato ya kusema "nionyeshe pakiti zangu tu". Watu huiandika hivyo kwenye notsi zao kila siku. Ukitaka pakiti zako tu, weka kichujio.

---

Kichwa_Ngumu_II

Mimi nina kiraka (rekebisho la kuwatumia waandishi) tayari kichwani. Pale mwisho tcpdump inapokuandikia namba tatu: zilizonaswa, zilizopokelewa na kichujio, na zilizodondoshwa na kerneli. Maelezo ya ile ya pili ni aibu tupu. Inategemea mfumo huu, inategemea ulivyosanidi, kwenye baadhi inahesabu hata zisizolingana na kichujio, kwenye nyingine hapana… Aya nzima ya kuzungukazunguka. Mimi nitaifuta niweke sentensi moja safi: "pakiti zilizolingana na kichujio". Basi.

---

Nondo_za_Waya

@Kichwa_Ngumu_II usithubutu mkuu.

Aya ile haizunguki kwa sababu mwandishi hajui. Inazunguka kwa sababu ukweli wenyewe umegawanyika. Kuna mifumo ambayo namba hiyo inahesabu kila pakiti iliyofika, ilingane isilingane. Kuna mifumo inahesabu zilizolingana tu, hata kama tcpdump bado haijazisoma. Na kuna inayohesabu zile zilizolingana na zikasomwa. Sentensi yako safi itakuwa kweli kwenye mashine yako na uongo kwenye mashine ya mwenzako wa BSD.

Hapa ndipo viraka vingi vya kurasa za man vinapokufa. Mtu anaona sentensi mbaya, anaipiga pasi, inapendeza, na ukweli umeondoka na mikunjo. Sentensi mbovu na sentensi yenye kosa ni vitu viwili. Kama unataka kuisaidia aya ile, igawe iwe orodha, mfumo kwa mfumo, na kila mstari uwe umeupima.

---

Kichwa_Ngumu_II

Sawa, nimekuelewa, ila bado nasema ni mbaya kusoma.

---

Nondo_za_Waya

Ni mbaya kusoma. Hilo sibishi.

---

Babu_Groff

Vijana mnaongelea maana, hamjagusa maandishi yenyewe. Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye troff, lugha inayoandikiwa kurasa za man, nisikilizeni kidogo.

Kwanza: usihariri faili lililoko /usr/share/man. Hilo ni zao la kifurushi. Linasasishwa kesho na kazi yako inafutika. Hata kwenye sosi (mafaili ya asili ya programu) usihariri `tcpdump.1`, kwa sababu nalo linazalishwa na `configure` kutoka `tcpdump.1.in`. Ukifungua hilo la `.in` utakuta vitu kama `@MAN_MISC_INFO@`. Hizo ni nafasi za namba za sehemu za mwongozo, maana mifumo haikubaliani ni sehemu ya ngapi. Hata tcpdump yenyewe kwenye baadhi ya distro mnaikuta sehemu ya 8 badala ya 1. Ukiona `@` usiisafishe ukidhani ni uchafu.

Pili: kistari. Kwenye troff, `-` tupu ni kistari cha kuunganisha maneno, na `\-` ndicho kistari cha kuandikia amri. Kwenye skrini ya UTF-8 vinaweza kutoka kama alama mbili tofauti ambazo jicho halitenganishi. Mtu ananakili `‐nn` kutoka kwenye ukurasa, anabandika, na tcpdump inaona neno lisiloanza na kistari chake, inalichukua kuwa ni kichujio, halafu inalalamika kuhusu kichujio ambacho hakukiandika. Groff, troff inayotumika kwenye Linux, toleo la 1.23.0 la mwaka 2023, iliamua kulifuata hili kwa ukali, distro kadhaa zikairudisha tabia ya zamani kwenye `man.local` kwa sababu kurasa nyingi mno za dunia zilikuwa zimeandikwa ovyo. Kwa hiyo kwako panaweza kuonekana sawa, kwa mwenzako amri imekufa. Kila chaguo kwenye ukurasa liandikwe `\-`.

Tatu: kila sentensi ianze mstari mpya kwenye sosi. Troff ikiona nukta mwisho wa mstari inajua sentensi imeisha na inaweka nafasi ipasavyo. Na mhakiki wa kiraka chako ataona sentensi uliyogusa tu, si aya nzima iliyosogezwa.

Kabla ya kutuma, pitisha hivi:

`mandoc -T lint tcpdump.1`
`groff -man -Tutf8 -ww -z tcpdump.1`
`man -l tcpdump.1`

Ya kwanza ina kelele nyingi, usitii kila inachosema. Ya pili ikikaa kimya ni dalili njema. Ya tatu ni macho yako.

---

mgeni_wa_jiji

Babu shikamoo. Nimejaribu kwenye nakala yangu, nikaongeza mfano wa kichujio kwenye alama za nukuu, mstari wote umepotea! Kwenye sosi upo, kwenye `man -l` haupo. Nini hiki?

---

Babu_Groff

Marahaba mjukuu. Mstari wako umeanza na `'`, sivyo? Kwenye troff mstari unaoanza na nukta au na hiyo alama moja ya nukuu ni amri, siyo maandishi. Troff imetafuta amri yenye jina hilo, haijaiona, imeutupa mstari kimyakimya. Ungepitisha ile ya `-ww` ingekushtaki. Tanguliza `\&` mwanzoni mwa mstari, tatizo limekwisha. Na nukuu za amri ziandike `\(aq`, la sivyo zitapindwa ziwe za kitabuni, na gamba la terminali halizitambui za kitabuni.

Ile nukta aliyoanza nayo mwenye uzi ina mtego huohuo. Ukitaka kueleza kwamba `.` ni ACK na ukaiweka mwanzo wa mstari, imemezwa. Unarekebisha maelezo ya nukta, halafu nukta yenyewe haionekani.

---

Mama_Seva

😂😂 Babu umenimaliza.

---

Otis_wa_Nyali

Turudi kwenye maana kidogo, maana kuna moja inauma watu kweli: IPv6.

Mfano maarufu wa ukurasa ni wa kunasa SYN peke yake, `tcp[13]==2`, yaani baiti namba 13 ya kichwa cha TCP (ukianza kuhesabu na 0), yenye bendera, iwe 2. Kila mtu anao kwenye skripti. Tatizo ni kwamba hesabu za namna hiyo kwenye kichwa cha TCP zinaangalia IPv4 tu. Una ukuta wa moto, unafuatilia majaribio ya kuunganishwa, unaona kimya, unalala. Mgeni kaingia kwa IPv6 na hujaona SYN hata moja.

Ule mfano mwingine mrefu wa HTTP, unaotoa urefu wa vichwa ili kubakiza pakiti zenye data, ukurasa unakiri kuwa ni wa IPv4 na unasema kwa utani kuwa IPv6 ni zoezi la msomaji. Utani mzuri. Ila aliyenakili amri hakunakili utani.

Hakikisheni wenyewe, hata pakiti haihitajiki:

`tcpdump -d tcp`
`tcpdump -d 'tcp[13]==2'`

Hiyo `-d` inaonyesha maelekezo ambayo kichujio kimegeuzwa kuwa. Kwenye kadi ya Ethernet, ya kwanza utaona inapima 0x86dd na 0x800, yaani IPv6 na IPv4. Ya pili ina 0x800 tu. Hiyo 0x86dd haimo kabisa.

---

Kichwa_Ngumu_II

Hii sasa ni kosa la ukurasa au kosa la programu?

---

Otis_wa_Nyali

Ni upungufu wa programu ambao umeandikwa. Shida ni ulikoandikwa. Upo kwenye ukurasa wa `pcap-filter`, sehemu ya BUGS, chini kabisa. Mfano upo kwenye `tcpdump`. Ni kurasa mbili tofauti. Zamani lugha ya vichujio ilikuwa ndani ya man ya tcpdump, kisha ikahamishiwa libpcap, maktaba ya kunasia pakiti, kwa sababu programu nyingine zinaitumia pia. Uamuzi mzuri, ila onyo na mfano vikatengana.

Kwa anayehitaji leo:

`tcpdump 'tcp[13]==2 or (ip6[6]==6 and ip6[53]==2)'`

Kichwa cha IPv6 ni baiti 40, jumlisha 13 unapata 53. Inafanya kazi ikiwa hakuna vichwa vya nyongeza katikati.

---

Nondo_za_Waya

Hicho ndicho kiraka ningependa mtu wa humu akitume. Sentensi moja chini ya mfano wa `tcp[13]`: kwamba unalinganisha IPv4 peke yake, angalia `pcap-filter`. Ushahidi ni matokeo ya zile amri mbili za `-d`. Kwanza vuta sosi ya karibuni kutoka git uone kama hakuna aliyekuwahi, maana ukurasa wa distro yako unaweza kuwa nyuma kwa miaka.

---

mgeni_wa_jiji

Naomba nijaribu mimi. Ila Kiingereza changu ni cha kuungaunga, hawatanicheka?

---

Mama_Seva

Mdogo wangu, sentensi ni moja. Iandike fupi, weka amri mbili na matokeo yake, taja toleo la tcpdump na la libpcap (`tcpdump --version` inakupa yote mawili). Sarufi watainyoosha wenyewe. Wasichoweza kukutengenezea ni ushahidi. Soma kwanza CONTRIBUTING.md kwenye sosi yao, wameeleza wanavyopenda kupokea. Na usichanganye na marekebisho ya vistari vya Babu kwenye kiraka hichohicho, tenganisha.

---

mgeni_wa_jiji

Asante dada. Na ile ya `vlan` (mitandao inayotenganishwa kwa lebo kwenye pakiti) je? Niliona mahali kwamba `vlan and ip` na `ip and vlan` si kitu kimoja.

---

Otis_wa_Nyali

Si kitu kimoja. `vlan` ya kwanza kwenye kichujio inasogeza mahali pa kusoma kwa kila kinachofuata baada yake, kwa dhana kwamba pakiti ina lebo. Kinachotangulia hakisogezwi. Tumia `-d` uzilinganishe zote mbili. Lakini hilo liko kwenye `pcap-filter`, na limeelezwa pale pale panapohusika. Ukiona pa kuboresha, kiraka hakiendi tcpdump, kinakwenda libpcap, faili `pcap-filter.manmisc.in`.

---

mgeni_wa_jiji

Poa. Naanza na ya IPv6, nikituma nitaweka kiungo hapahapa mnihakiki.